Kigoda cha Mama Mlangoni

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mvua ilikuwa imetupa mgongo, mahindi yakakaukia magotini, na serikali ikatuletea mahindi ya nje, ya njano kama kiini cha yai, yanayonuka gunia hata uyapike na nini. Watoto walililia bada, ugali wetu wa muhogo, lakini muhogo tulikuwa tumeuacha ardhini kule mahame. Maana ndio mwaka uleule lori lilipokuja bondeni likatubeba na vinu vyetu na kuku wetu, likatushusha kando ya barabara, si mbali na Mkata, tukaambiwa hapa ndipo kijiji. Mpaka leo ukimwuliza mtu wa rika langu mtoto wake alizaliwa lini, hakupi tarehe. Anakwambia, "Kabla ya unga wa njano," au anakwambia, "Huyu aliuonja."

Nawaandikia nyinyi, wajukuu zangu mnaofika hapa na mabegi mgongoni kila chuo kinapofunga, mnaojifunza elimu ya watu na mila zao. Mimi darasa langu ni kisomo cha watu wazima, jioni, baada ya jembe, na mwandiko wangu unapanda mlima. Lakini kazi ya kuwapokea wanafunzi, kuwatembeza nyumba kwa nyumba na kuwafundisha kukaa na watu, nimeifanya tangu unga wa njano hadi miguu iliponigomea. Sijaona aliyeifanya vizuri kuliko mimi. Kama yupo, aje tukae.

Mtu wa kwanza kuniletea wanafunzi alikuwa Mwalimu Festo. Alikuwa mfupi, mpole, na shati lake lilikuwa na kalamu nyingi kuliko vifungo. Alifika na gari la chuo, akaomba wazee wampe ruhusa ya kuleta vijana wa mwaka wa kwanza. Wazee wakamwuliza swali moja tu: "Mtachukua nini?"

Waliuliza kwa sababu kabla yake alipita mgeni mmoja akaomba ngoma ya ukoo ili aipige picha, akaondoka nayo. Ngoma ile inalia huko isikosikika na mwenyewe.

Mwalimu Festo akasimama mbele ya wazee akasema, "Macho yachukue, mikono isichukue. Mwanafunzi wangu akibeba hata kijiko cha mtu, basi linalofuata atarudi nalo Dar es Salaam, na masomo yake yatakuwa yameishia hapo." Wazee wakatikisa vichwa, wakakubali. Likumbukeni neno hilo, maana ndilo lililokuja kutubana.

Mimi nilipewa kazi kwa sababu mbili. Nyumba yangu ilikuwa na chumba cha nyuma alicholala mama yangu, na mkeka wa pili ulienea. Na mdomo wangu haujawahi kumwogopa mtu.

Mnapenda kuniuliza, "Bibi, zamani walifundishwaje?" Walifundishwa kwa kukosea, kama nyinyi. Kulikuwa na kijana anaitwa Ludoviko, mrefu, safi, mtoto wa mwalimu wa shule. Siku ya kwanza aliingia nyumba ya kwanza, hata shikamoo hajamaliza, akaanza kunyoosha kidole: mtoto huyu mmoja, yule wa pili, mbuzi wale. Kufika nyumba ya tatu hakukuta mtoto wala mbuzi, amekuta moshi tu. Watu walikuwa wamekimbilia kwenye mkonge.

"Mama Rehema, wamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Wamekukimbia wewe."

"Nimewakosea nini?"

"Umewahesabu, mwanangu. Mtu wa mwisho kutuhesabu alirudi na lori."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yake safi. Toka siku hiyo nikaweka sheria zangu. Ukifika kwa mtu anapukuchua mahindi, nawe pukuchua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unajifungua wenyewe. Kalamu usiitoe kabla ya maji ya kunywa. Na usimwulize mtu "kwa nini mnafanya hivi," maana atakutungia jibu zuri akupe uende zako. Mwulize, "Mara ya mwisho ilikuwaje?" Hapo atacheka, atakumbuka nani aligombana na nani, na jibu utalikuta humo ndani limelala kama paka.

Msifikiri mimi sikufundishwa. Mwezi wa kwanza Mwalimu Festo alinivuta pembeni akasema taratibu, "Mama Rehema, mbona kila nyumba tunayokwenda ni ya ndugu yako?" Nikamwambia ndugu zangu ndio wenye adabu. Akacheka, akasema, "Basi leo tupeleke kwa wasio na adabu." Tukaenda. Huko ndiko tulikokula vizuri zaidi.

Nadharia, hilo neno linalowatoa jasho, nililisikia mara ya kwanza nikiwa natwanga. Mwalimu Festo hakuwapa vijana kitabu kwanza. Aliwapa kitu kimoja kwa siku. Siku ile aliwapa kinu changu. Akasema, "Wako watu wanaosema mila za watu ni kama mwili: moyo una kazi, ini lina kazi, ukiondoa kimoja mwili unaugua. Mtazameni Mama Rehema kwa macho hayo. Halafu wako wanaosema, acheni mwili, ulizeni nani anatwanga na nani anakula, mahindi ya nani, jasho la nani. Mtazameni tena. Na wako wanaosema watu hufikiri kwa vitu viwiliviwili, mume na mke, kibichi na kilichopikwa, ndani na nje. Na wengine watawaambia, mwulizeni mwenyewe, kwake yeye kutwanga maana yake nini."

Nikamwambia, "Kwangu mimi maana yake nina njaa."

Wakacheka wote. Lakini nilipoendelea kutwanga, wallahi, kinu kilikuwa kimebadilika. Nilisikia mchi unashuka kama unatoka mbali, kama ninaota ninatwanga. Nikaona mkono wangu ni mkono wa mama, na wa mama yake. Nadharia ni koroboi, wajukuu. Ukiishika huku, kivuli kinaanguka kule. Mwenzako akiishika kule, anaona ukuta ambao wewe hukujua upo. Na nyote wawili nyuso zenu wenyewe ziko gizani, hilo ndilo mnalolisahau.

Sasa niwaambie habari ya Nyamizi.

Nyamizi alikuwa msichana wa Tabora, Mnyamwezi, mwembamba, mkimya kama kuku mgeni. Alilala chumba kimoja na mama yangu. Mama alikuwa mzee sana, mvuta ugoro, mkali kwa kuku na mpole kwa watu. Mali yake aliyoipenda ilikuwa kigoda, kigoda cha miguu mitatu alichochongewa na baba yangu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Siku ya lori aliacha chungu, akaacha kitanda, akapanda na kigoda mapajani. Jioni alikiweka mlangoni akakaa, ukungu wa moshi wa jikoni unampita, na milima ya Usambara kule mbali rangi ya maji. Nyamizi alikaa chini miguuni pake. Sijui walizungumza nini. Nadhani mara nyingi hawakuzungumza kitu.

Mama alikuwa ameniambia zamani, "Msinizike kimya. Mtu anayezikwa kimya ni kama hakuwahi kuwa na watu."

Alikuwa na maana ya watani. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Wazee husema babu zetu walipigana wakachoka, wakaona bora watukanane. Mtani hakasirikiwi, hata akikuita mtumwa wake. Mtani akija msibani huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huziba njia mpaka apewe kitu, na akishika kitu hanyang'anywi. Watu hucheka machozi yakiwa bado shavuni. Mtani wa nyumba yetu alikuwa Mzee Maganga, aliyekuja ujana wake kukata mkonge Korogwe akaoa huku. Mama alimtegemea yeye. "Maganga atanitania vizuri," alikuwa akisema, kama mtu aliyeagiza nguo kwa fundi.

Lakini lori lililotubeba sisi huku lilimbeba Maganga kwingine, upande wa Kerenge. Na mama akafa alfajiri.

Dini yetu haimcheleweshi maiti. Sheikh akasema baada ya adhuhuri. Kaka yangu Athumani akamtuma mtu na baiskeli amfuate Maganga, lakini wote tulijua baiskeli haifiki Kerenge na kurudi kabla ya adhuhuri. Basi la abiria siku hizo lilipita lilipopata mafuta. Wanawake wakamwosha mama, wakamvika sanda. Jua likapanda. Nikakaa ndani nikimsikiliza mama yangu anavyozikwa kimya, na nilikuwa siwezi kulia, nimekauka kama yale mahindi.

Ndipo macho yangu yakaangukia kwa Nyamizi. Alikuwa amekaa kwenye jamvi na wenzake, mikono mapajani, anatazama kama alivyofundishwa.

Nikamwendea. "Wewe si wa Tabora?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako Mnyamwezi?"

"Na babu yangu, mama."

"Basi hapo umekaa kama nani?"

Alimtazama Mwalimu Festo, aliyekuwa upande wa wanaume, kichwa chini. Alijua neno la Mwalimu. Sote tulilijua. Akayarudisha macho kwangu. Nikamwacha nikarudi ndani, maana sikuwa na cha kumwongezea.

Wanaume wakaja kuchukua jeneza. Wakalinyanyua, wakageuka, na mlango umezibwa. Nyamizi amekaa kizingitini juu ya kigoda cha mama. Kichwani amejifunga kanga ya mama ya bluu. Akachota ugoro wa hewani, akauvuta, akapiga chafya ileile ya mama, ndefu, yenye mkia.

"Mnampeleka wapi mtumwa wangu?" akasema. Sauti haikuwa yake. "Nani kawapa ruhusa?"

Sheikh akasema, "Binti, maiti haicheleweshwi."

"Maiti gani? Bibi hajafa. Kachoka na unga wenu wa njano. Wazigua nyinyi, mnalia kwa kupokezana kama mnateka maji." Kisha akageuka kumfukuza kuku ambaye hakuwepo, "Shoo! Mwana kulaaniwa, mtama wangu!" Mkono ulipinda vilevile, kiwiko kilevile cha mama kilichovunjika zamani kikaungwa vibaya. Shangazi yangu alianza kucheka. Akajaribu kuziba mdomo, ikashindikana. Kikamtoka kicheko na kilio pamoja, na mimi kikanitoka, yale maji yote niliyokuwa nimeyakosa tangu alfajiri.

Athumani akamletea kuku. Nyamizi akamtazama. "Huyu kuku au wembe? Mpeni sheikh."

Wakamletea kanga mpya. "Ninayo."

"Unataka nini basi, mtani?" Athumani akamwuliza, naye anajifuta macho.

Nyamizi akasimama. Akakinyanyua kigoda, akakiweka kichwani pake. "Nachukua miguu ya mtumwa wangu, asije akarudi kuwachungulia mnavyokula." Akasogea. Njia ikafunguka, na mama yangu akatoka nyumbani kwake watu wanacheka.

Jioni Mwalimu Festo alinijia jikoni. Alikuwa amelia na yeye, macho mekundu. Akaketi juu ya kuni.

"Mama Rehema, pole. Kesho asubuhi Nyamizi atakurudishia kigoda."

Nikamwambia, "Sikipokei. Alichobeba mtani hakirudi kwa mwenyewe."

"Najua utani. Nimeufundisha darasani miaka na miaka. Lakini niliwaapia wazee. Nikiacha kigoda leo, mwakani atakuja mwingine aseme yeye naye ni mtani, aondoke na ngoma. Usipokipokea, nitalazimika kumrudisha Dar."

"Mrudishe. Atakwenda nacho."

"Masomo yake yataisha, mama. Ndiye wa kwanza kwao kufika chuo."

Siwadanganyi. Maneno yake yalikuwa na uzito, na hakuwa mtu mbaya. Nilikuwa nimeshika ukili, nikausuka, nikaufumua. Nikamwona mama amefika nusu ya njia halafu anaitwa nyuma. Nikamwambia tena vilevile, "Sikipokei. Alichobeba mtani hakirudi kwa mwenyewe." Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi aliwakusanya vijana uwanjani, na kigoda akakiweka katikati. Begi la Nyamizi lilikuwa limefungwa, liko miguuni pake. Mwalimu akasema, "Leo tunasoma kigoda."

Ludoviko akaanza. Akasema utani una kazi katika mwili wa jamii: unatoa joto, makabila mawili yaliyowahi kupigana yasipigane tena. Zainabu, msichana wa pwani mwenye miwani, akakataa. Akasema uliza nani alibeba mizigo ya misafara zamani, na nani amekata mkonge. Watu waliokutana kwenye jasho walihitaji wa kuwazika ugenini, na utani ulizaliwa hapo. Wa tatu akasema tazama mlango: ndani na nje, kilio na kicheko, mfiwa na mgeni; mtani ndiye anayekaa kizingitini kwa sababu yeye si wa huku wala si wa kule. Nilisikiliza nikipepeta. Kila aliyesema niliona amesema kweli, na kila aliyenyamaza niliona mama yangu bado yupo pembeni, hajasemwa.

Mwalimu akamgeukia Nyamizi. "Na wewe uliyekuwa mlangoni? Uliona nini?"

Nyamizi akasema polepole, "Mwalimu, sikuwa natazama. Nilikuwa nazuia." Akafikiri. "Nilihisi kama bibi yuko nyuma yangu ananiambia nikaze. Sijui hiyo inaitwaje."

Mwalimu Festo alivua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi sijui. Wenzetu wamejaza vitabu wakiitafutia jina." Akainuka, akakiendea kigoda, akakinyanyua, akaenda nacho kwa wazee, na sisi wote nyuma yake kama tunazika tena.

Akawaambia wazee, "Niliapa mikono isichukue. Huu mkono umechukua. Ngoma yenu ilichukuliwa na mtu asiye mtani wa yeyote. Semeni nyinyi kama ni jambo moja."

Mzee mmoja, kipofu, akauliza, "Aliyechukua ni Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Basi mwambie amechukua kidogo. Babu yake alichukua ng'ombe."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Nyamizi akafungua begi lake, akabaki mpaka wote walipoondoka, na kigoda akakipeleka kwao Tabora. Toka hapo Mwalimu Festo alipowapa wanafunzi neno lake kuhusu macho na mikono, alikuwa akiongeza, "Na mkiwa na shaka, waulizeni wenye mlango."

Baadaye nilianza kuota. Mama yangu maisha yake yote hakuvuka Korogwe. Kwenye ndoto namwona yuko nchi yenye miti mirefu iliyoachana na mizinga ya nyuki inaning'inia, sijawahi kufika huko, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni kwa watu, anavuta ugoro, watoto wasiojua Kizigua wanamwamkia shikamoo. Hanitazami. Ana shughuli zake. Naamka nimetulia. Nilimsimulia Mwalimu Festo ndoto hiyo, naye hakuiandika, alisema tu, "Amesafiri." Nilimpenda kwa hilo.

Mwalimu Festo amekwisha kufa. Nyamizi ndiye aliyekuwa akiwaleta wanafunzi miaka iliyofuata, yeye sasa ndiye mwenye kalamu nyingi. Wengine walikuja na redio za kurekodi, wengine na madodoso ya kuweka tiki, nyinyi mnakuja na simu. Simu si mbaya. Ila huwezi kupukuchua mahindi nayo mkononi.

Baada ya mavuno ya juzi Nyamizi alikuja peke yake, bila wanafunzi. Amestaafu. Nywele nyeupe, goti linamsumbua. Alikuwa na furushi la kanga, ile kanga ya bluu, imechakaa mpaka inaonyesha. Akalifungua mbele yangu. Kigoda.

"Mama," akasema, "mimi sikuzaa. Nikifa wapwa zangu watakichanja kuni. Nimekitunza, sasa kirudi kwao."

Nikakishika. Niwaambie ukweli, wajukuu, nilikitaka. Nilipitisha kiganja pale mama alipokuwa akikaa, na mbao ilikuwa na uvuguvugu kama ameinuka sasa hivi kwenda kufukuza kuku. Nilikiinamia nikanusa. Ugoro. Au akili yangu. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya mkonge, kila kitu rangi ya unga ule, na nikaona nikikiweka mlangoni pangu leo, usiku nitaiota ile nchi ya nyuki na nitakuta mlango mtupu.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "umechoka kubeba?"

"Nimezeeka, mama."

"Mimi nimezeeka kukupita. Nani atatangulia?"

Akatabasamu. "Wewe, kwa tabia zako."

"Siku hiyo nani atanizibia mlango?"

"Mimi."

"Utakalia nini?"

Alikitazama kigoda, akanitazama, na machozi yakamteremka taratibu kwenye mashavu ya kizee. Lakini Mnyamwezi ni mbishi. Akakisukuma tena kwangu kwa mikono miwili, akasema, "Kipokee hivyohivyo, mama, nitakuja kukalia gunia."

Nikamwambia, "Sikipokei. Alichobeba mtani hakirudi kwa mwenyewe."